Walezi wa watoto wenye uhitaji Dar: maswali tunayoulizwa kila siku kuhusu kazi yetu

Nimelea watoto kwenye makao hapa Dar kwa miaka 11, nimeanza na zamu za usiku chumba cha wachanga na siku hizi ndo napanga zamu za wenzangu. Maswali haya nayapata kwenye simu, kwenye vikao, mengine nikiwa kwenye daladala na mlezi wa kituo kingine tumekutana tu. Nimeyaweka sehemu moja ili nisirudie kila siku, na pale jibu liko kwenye swali lingine nitakwambia uende huko.

## Mwanzo kabisa

1. "Ubora wa maisha ya kazi" ndo nini hasa?

Ni vile kazi inavyokuacha ukitoka getini. Umetoka kituoni saa 12 jioni, unapanda gari la Mbagala umesimama mpaka Rangi Tatu, ukifika nyumbani una nguvu ya kumsikiliza mwanao au unafika umeisha, unajitupa kitandani na viatu? Hapo ndo pa kupimia.

Mmarekani mmoja anaitwa Richard Walton mwaka 1973 aliyapanga kwenye mambo 8: malipo ya haki na ya kutosha, mazingira salama, nafasi ya kutumia ujuzi wako, nafasi ya kukua, kuishi vizuri na wenzako, haki zako kuheshimiwa, kazi kukuachia muda wa maisha mengine, na kazi kuwa na maana kwa jamii. Sisi walezi hilo la mwisho tunalo tele, hakuna wa kutuambia. Shida ni kwamba ndo hilohilo linatumika kutunyima yale mengine saba. Ukiuliza ofu unaambiwa hii ni kazi ya Mungu. Ni kweli ni kazi ya Mungu, na aliyeumbwa na Mungu anahitaji kulala.

2. Mimi wananiita "dada" tu pale kituoni, napika na kufua na kuogesha watoto. Na mimi ni mlezi?

Ndio. Mama mlezi, dada, matroni, anti wa usiku, mpishi ambaye mtoto akiumwa tumbo ndo anamkimbilia, hata mlinzi wa getini ambaye watoto wamemzoea wanamwita babu. Cheo kwenye karatasi ni kitu kimoja, ila mtoto anajua nani anamlea. Haya yote hapa chini yanakuhusu.

3. Kwanini tuongelee walezi wakati wenye shida ni watoto?

Hili naulizwa sana na wageni, na mara nyingi kwa nia nzuri tu. Ngoja nikuelezee jioni moja.

Mtoto wa miaka 4 alimwaga uji mezani, kikombe kizima. Mwenzangu aliyekuwa zamu alikuwa kaingia asubuhi, aliyetakiwa kumpokea hakutokea, kwahiyo ilikuwa saa ya 14 yuko kwa miguu na ana watoto 13 peke yake. Hakumpiga. Alichukua kile kikombe akakigonga mezani kwa nguvu. Yule mtoto akaziba masikio kwa mikono miwili akaganda, hakulia, aliganda tu vile, maana alikotoka mlio ule ulikuwa na maana yake. Mwenzangu akaona alichofanya, akatoka nje akakaa pale karoni analia. Na huyu ni mlezi mzuri kuliko mimi, nasema kutoka moyoni. Alichokosa ilikuwa mtu wa kumpokea saa 12.

Kwahiyo ukiniuliza mtoto anapata nini pale kituoni, mimi nitakuuliza mlezi wake amelala masaa mangapi. Kuna utafiti ulifanyika Urusi, mji wa St. Petersburg, matokeo yakatoka 2008: walezi wakafundishwa, makundi ya watoto yakapunguzwa, na mtoto akapewa walezi walewale badala ya kubadilishiwa kila mara. Watoto wakabadilika kiakili na kitabia, hadi kimo na uzito vikaongezeka, na chakula kilikuwa kilekile.

## Masaa, zamu na ofu

4. Kisheria natakiwa kufanya kazi masaa mangapi?

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inasema masaa ya kawaida ni 9 kwa siku, siku 6 kwa wiki, na yasizidi 45 kwa wiki. Kwa siku moja, hata ukiweka na ovataimu, usizidishe masaa 12. Ovataimu ni kwa makubaliano, isizidi masaa 50 ndani ya wiki nne, na inalipwa mara moja na nusu ya saa la kawaida. Ukifanya kazi masaa 5 mfululizo una haki ya kupumzika dakika 60. Kati ya zamu moja na nyingine kuwe na masaa 12 ya kupumzika (wanaolala kituoni soma swali la 6), na kila wiki masaa 24 mfululizo ya ofu. Ukiitwa siku ya ofu mkakubaliana unalipwa mara mbili, na sikukuu vilevile mara mbili.

Likizo ya mwaka ni siku 28, na hizo zinahesabika pamoja na wikiendi na sikukuu zilizoangukia humo.

Haijalishi kama kituo ni cha dini, cha shirika au cha mtu binafsi mwenye moyo mzuri. Moyo mzuri haufuti sheria.

5. Zamu ya usiku ina malipo ya ziada?

Ina. Kuanzia saa 2 usiku mpaka saa 12 asubuhi unaongezewa angalau asilimia 5 ya mshahara wa msingi kwa kila saa. Tuchukue mfano, msingi wako uwe 350,000 kwa mwezi. Unagawa kwa 4.333 kupata wiki, halafu kwa 45 kupata saa, inakuja kama 1,795. Asilimia 5 yake ni kama shilingi 90, kwa usiku wa masaa 10 ni kama 900. Ni hela ndogo, najua, haifiki hata chai na chapati mbili na nauli. Lakini idai, kwasababu kituo kikianza kuhesabu usiku kama kitu chenye bei kinaanza pia kuhesabu nani kafanya usiku mara ngapi, na hapo ndo unakuta kuna dada mmoja kapigwa usiku 19 kwa mwezi na hakuna aliyegundua.

Kitu kingine cha usiku ambacho hakiko kwenye sheria yoyote: usiku ndo watoto wanaongea. Mchana wanacheza, usiku taa ikizimwa ndo mtoto anakuuliza "mama yangu alinitupa kweli?" Mtu wa usiku asiwe mgeni asiye na mafunzo eti kwasababu "watoto si wamelala".

6. Nalala hapohapo kituoni. Masaa yangu yanaisha saa ngapi?

Hili ndo linalotumaliza wengi. Ukiwa na kitanda kituoni watu wanaona uko kazini masaa 24, mtoto akikohoa saa 9 usiku ni wewe, geti likigongwa ni wewe. Sheria inaruhusu mapumziko ya siku yapungue kutoka masaa 12 hadi 8 kwa mfanyakazi anayeishi sehemu ya kazi. Masaa 8, sio sifuri. Na yale 45 kwa wiki yako palepale.

Tulichofanya sisi kilikuwa kidogo tu. Tuliandika kwenye daftari la zamu jina la aliye "macho" na jina la aliye "amelala", na watoto wakubwa tukawafundisha mlango upi wa kugonga. Wiki ya kwanza waligonga kote kote. Baada ya mwezi hivi walizoea, na yule aliyeandikwa amelala akawa analala kweli.

## Pesa na makaratasi

7. Sina mkataba wa maandishi, niliambiwa tu njoo uanze Jumatatu. Nina haki gani?

Zote za swali la 4 unazo. Mwajiri anatakiwa akupe kwa maandishi maelezo ya kazi: majina, kazi yenyewe, tarehe ya kuanza, kituo cha kazi, masaa, mshahara. Na kitu ambacho wengi hawakijui, mkifika kwenye shauri na mwajiri hana hayo maandishi, mzigo wa kuthibitisha unakuwa wa kwake, sio wako. Kwahiyo asikutishe na "wewe huna hata karatasi".

Wewe huku tunza vyako. Meseji ya M-Pesa ya mshahara usiifute. Piga picha ratiba ya zamu kila mwezi. Daftari la makabidhiano lenye sahihi yako ni ushahidi mkubwa kuliko unavyodhani.

8. Mimi ni volontia, napewa posho. Hayo ya juu yananihusu?

Inategemea unajitolea kweli au umeitwa hivyo tu. Sheria ya Taasisi za Kazi ya 2004 inasema unachukuliwa kuwa mfanyakazi kama kuna hata moja kati ya mambo fulani, mfano: mtu anakupangia masaa ya kazi, unamtegemea yeye kwa kipato, unatumia vifaa vyake, au umemfanyia kazi wastani wa masaa 45 kwa mwezi kwa miezi mitatu iliyopita. Masaa 45 kwa mwezi, sio kwa wiki! Dada anayeingia kituoni siku sita kila wiki kwa "posho ya kujitolea" huku hana kazi nyingine anayapita hayo ndani ya wiki moja.

Wanafunzi wa ustawi wa jamii wanaokuja fildi miezi miwili mitatu ni habari nyingine, wao wako chini ya chuo. Ila nao wasiachwe peke yao na watoto usiku.

9. NSSF na fidia ya kuumia kazini, natakiwa niwe navyo?

Vyote viwili. Mchango wa NSSF, yaani Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, ni asilimia 20 ya mshahara, wewe isizidi 10 na mwajiri angalau 10. WCF, yaani Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, analipa mwajiri peke yake, wewe hukatwi hata senti, kwahiyo ukiona kwenye salari slipu umekatwa WCF uliza. Na usisubiri uzeeni kuangalia NSSF, angalia sasa hivi kama michango inaingia. Kuna mwenzetu alikuwa anakatwa miaka na kule hakikuwa kimefika kitu, amekuja kujua siku anafuatilia mafao ya uzazi.

10. Mtoto kavunja kioo cha dirisha zamu yangu, nimekatwa mshahara. Ni sawa?

Hapana, sio kirahisi hivyo. Ili ukatwe kwa uharibifu lazima iwe ni kosa lako, upewe nafasi ya kujieleza kwanza, ukubali kwa maandishi, na makato yasizidi robo ya mshahara. Mtoto kurusha mpira sio kosa lako. Mtoto mwenye hasira kuvunja vitu, na wapo wengi kwa yale waliyopitia, nalo sio kosa lako, na ukianza kukatwa kwa ajili yake utaanza kumchukia bila kujua.

11. Wageni wakileta vitu, sisi wafanyakazi tuna haki ya kupewa?

Mchele, sukari, pampasi, nguo, hivyo vimeletwa kwa watoto na ni vya watoto, hata kipande kimoja cha sabuni usibebe. Nasema hivyo huku nikijua jinsi inavyouma kukaa Jumapili nzima unapanga watoto kwa picha, unapanga viroba stoo, halafu unarudi nyumbani Chanika na ndani hamna unga. Linaumiza na watu hawapendi kuliongea. Dawa yake ni mshahara unaoeleweka na chakula cha mchana cha mfanyakazi kiingizwe kwenye bajeti waziwazi, ale na watoto meza moja. Mlezi asile kwa kujificha jikoni.

Kwa mgeni anayesoma hapa: ukija na viroba vitano, uliza na hili, walezi mnawalipa kwa wakati? Ukiweza kuchangia mshahara wa mlezi mmoja kwa mwaka utakuwa umemsaidia mtoto kuliko viroba hivyo.

## Moyo na kichwa

12. Nitajuaje kama nimechoka tu au kazi imeniunguza?

Uchovu wa kawaida unaondoka ukilala na ukipata ofu mbili. Huu mwingine unaamka nao. Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 limeuelezea kama jambo linalotokana na stresi ya kazini ya muda mrefu isiyoshughulikiwa, lina sura tatu: kuishiwa nguvu, kujitenga na kazi kimoyo au kuiona haina maana, na kuona hufanyi lolote la maana.

Kwa lugha ya kituoni ni hivi. Unaanza kuwaita watoto "hawa". Mtoto anakuonyesha mchoro unasema "umependeza" bila kuangalia. Unaogesha kama unaosha vyombo. Unachelewa makusudi, unaombea mtu apige simu kuna msiba ili uondoke. Ukijiona hapo usijilaani, mwambie msimamizi wako au mwenzako unayemuamini leo, usisubiri upige mtoto ndo ujue. Kama hulali kabisa, huli, au unawaza kujidhuru, hiyo sio ya kuongelea kituoni tu, nenda hospitali. Amana, Temeke na Mwananyamala zote ziko karibu, Muhimbili kuna idara ya afya ya akili, na kwenda huko hakukufanyi mwehu.

13. Mtoto aliniambia alichofanyiwa na sasa silali, naota kama nimefanyiwa mimi. Ni kawaida?

Ni kawaida na inatokea sana kwa wanaojali. Kusikia mara kwa mara mambo ya kuumiza kunaweza kukuumiza na wewe kama vile ulikuwepo. Sio udhaifu wa imani wala sio kwamba kazi haikufai.

Mambo mawili yamenisaidia. Kwanza, siendi nayo nyumbani kabla ya kuitua: kituoni kwetu kila Ijumaa tunakaa saa moja, watoto wakiwa shule, hatuongelei bajeti wala usafi, tunaongelea tu kilichotukaa kifuani wiki hiyo, na anayesikiliza haruhusiwi kutoa ushauri mpaka mtu amalize. Pili, nguo. Nikifika nabadilisha nguo nje ya chumba kabla sijamshika mwanangu. Inaonekana kitu kidogo ila mwili unaelewa kazi imeisha.

Siri ya mtoto usiitoe kwa majina nje ya kituo, hata kwa mume, hata kwenye maombi. Na kama alichokuambia ni ukatili, hicho hakibaki kifuani kwako, soma swali la 18.

14. Mtoto ananiita mama na analia nikienda ofu. Nimzuie asinizoee?

Usimzuie. Walezi wengi wa zamani tulifundishwa "usimzoeze atakusumbua", na nimeshaona mwisho wake: watoto wanaomkumbatia kila mgeni anayeingia getini, watu wanasema jamani wana upendo, kumbe mtoto hana mtu wake. Mtoto anahitaji mtu mmoja au wawili ambao ni wake. Kinachomuumiza sio kukuzoea, ni wewe kutoweka bila kusema.

Kwahiyo usiondoke kwa kunyata. Nilikuwa nafanya hivyo, naficha pochi nyuma ya tenki la maji ili binti mmoja wa miaka 3 asijue naondoka. Akajua. Akawa kila asubuhi akinipokea anapita nyuma ya tenki kwanza kuangalia kama pochi ipo. Siku nilipomuona nikaona aibu sana. Nikaanza kumuaga, "nakwenda kulala kwangu, narudi ukiamka mara mbili", na nikamuachia kanga yangu niliyoivaa, haijafuliwa, alale nayo. Alilia siku nne hivi. Ya tano alinipungia mkono.

15. Na wangu wa kuzaa? Anasema nawapenda wa kazini kuliko yeye.

Hili sina jibu zuri. Lilinikuta na sikulimaliza vizuri. Kilichosaidia kidogo ni kuwa na siku moja kwenye wiki ambayo ni yake na haiguswi, hata kituo kiwake moto, na ndo maana nang'ang'ania masaa 24 ya swali la 4 kuliko kitu chochote. Usimpeleke kituoni akacheze na wenzake kila likizo eti ndo mnakaa pamoja. Hapo bado anakugawana.

## Mwili

16. Kung'atwa, upele, mgongo: vipi?

Ukichomwa na sindano, au ukang'atwa mpaka damu ikatoka, osha kwa maji mengi na sabuni, usikamue, na wahi kituo cha afya siku hiyohiyo. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zinatakiwa zianze ndani ya masaa 72, mapema ndo vizuri zaidi, na zinanywewa siku 28. Usione aibu eti utaonekana unamnyanyapaa mtoto, humtangazi mtoto, unajikinga. Omba pia chanjo ya homa ya ini B, mwajiri mwenye akili anailipia. Andika tukio kwenye daftari na mwajiri aripoti WCF (swali la 9).

Upele mnatibiwa wote siku moja, watoto na walezi, mashuka yanafuliwa yanaanikwa juani, la sivyo mtazungushiana mwaka mzima.

Mgongo ni kwa wanaolea watoto wenye mtindio wa ubongo ambao wanakua, wanafika kilo 30 na bado wanabebwa. Mbebeni wawili. Piga magoti usiiname, mvute karibu na kifua ndo unyanyuke.

## Kwa wenye vituo na mameneja

17. Hatuna hela ya kuongeza mishahara. Tufanye nini?

Mshahara kwanza usishuke chini ya kima cha chini kilichotangazwa na serikali kwa sekta yenu, hilo halina mjadala. Baada ya hapo yako mengi yasiyo na gharama kubwa. Ratiba ya zamu itoke mwezi mmoja kabla, sio jioni ya leo kwa ajili ya kesho. Mlipe tarehe ileile, mlezi anavumilia mshahara mdogo kuliko mshahara usiojulikana unakuja lini. Muwe na majina mawili ya watu wa akiba wa kuitwa mtu asipotokea. Mkutane na mlezi mmoja mmoja kila mwezi nusu saa, umuulize yeye anaendeleaje, sio watoto wanaendeleaje.

Na mnapokaa kuamua mtoto anaenda wapi, anarudi kwa bibi yake au anabaki, mlezi wake awepo kwenye chumba. Hakuna kinachomvunja mlezi moyo kama kukuta kitanda kitupu asubuhi na kuambiwa afisa ustawi alikuja jana.

## Mambo magumu

18. Nimemuona mwenzangu, au bosi, anamuumiza mtoto. Nikisema nitafukuzwa.

Sema. Sheria ya Mtoto ya 2009 inampa kila mwanajamii mwenye taarifa ya haki za mtoto kuvunjwa wajibu wa kuripoti kwa serikali ya mtaa au halmashauri yake, kwahiyo kunyamaza sio usalama. Unaweza kupiga 116, simu ya huduma kwa mtoto, ni bure. Unaweza kwenda kwa afisa ustawi wa jamii wa manispaa yako, au Dawati la Jinsia na Watoto polisi. Andika tarehe, saa, ulichoona kwa macho na ulichosikia, bila kuongeza. Usimhoji mtoto mara tano tano, atachanganyikiwa na atajiona mwenye kosa.

Kama ni mwenzako na ni mara ya kwanza na unajua kachoka vibaya, bado sema, ila sema na hiyo habari ya zamu pia, ili tatizo lisiondoke na mtu mmoja halafu anayekuja aingie kwenye masaa yaleyale.

Ukifukuzwa kwa hilo, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, inapokea malalamiko ya kuachishwa kazi isivyo haki ndani ya siku 30. Madai mengine kama mshahara au ovataimu ni siku 60. Siku zinahesabika, usizimalizie kwa kwenda kumlilia mzee wa kanisa au shehe.

19. Nina mimba na napangiwa usiku. Na nikijifungua?

Miezi miwili kabla ya kujifungua usipangiwe usiku, na hata mapema zaidi kama una cheti cha daktari. Likizo ya uzazi ni siku 84, mapacha siku 100. Ukirudi, una haki ya kunyonyesha mpaka masaa mawili kwa siku ndani ya muda wa kazi. Nimeona mlezi anampa chupa mtoto wa kituo huku maziwa yamemlowesha blauzi na wa kwake ana njaa Gongo la Mboto. Dai hayo masaa mawili.

20. Serikali inahimiza watoto warudi kwenye familia. Kituo kikifungwa mimi inakuwaje?

Ni kweli, na kwa mtoto ni kitu kizuri. Miongozo ya Umoja wa Mataifa ya 2009 na sera zetu wenyewe zinasema makao yawe njia ya mwisho, kwanza ndugu, halafu malezi ya kambo au kuasiliwa. Tusipigane na hilo ili tulinde ajira.

Ila mwajiri anayepunguza watu lazima awape taarifa na kujadiliana nanyi kabla, notisi kwa anayelipwa kwa mwezi isipungue siku 28, na kama umefanya zaidi ya mwaka kuna kiinua mgongo cha mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, mpaka miaka 10. Omba pia cheti cha utumishi. Ujuzi wako unahitajika, vituo vya kulelea watoto mchana vinaongezeka, na walezi wa kambo nao wanahitaji wa kuwaelekeza.

21. Kuna chama cha wafanyakazi cha kwetu?

Kipo CHODAWU, chama cha wafanyakazi wa hoteli, majumbani na huduma za jamii, ndo wengi wa vituo binafsi wanaweza kuingia. Walio kwenye makao ya serikali kama Kurasini ni watumishi wa umma, wao waangalie TUGHE, chama cha wafanyakazi wa serikali na afya. Mkiwa walezi watano tu mkaenda pamoja mnasikilizwa tofauti na mmoja mmoja.

22. Mtoto niliyemlea tangu mchanga ameenda kwenye familia. Naruhusiwa kumtembelea?

Kwa utaratibu, sio kwa kushtukiza. Muulize afisa ustawi anayefuatilia familia hiyo, na familia yenyewe ikubali. Miezi ya kwanza usiende, mtoto anajifunza mama mpya na ukitokea unamrudisha nyuma. Andaa kabla hajaondoka: mpe picha mkiwa wote, mwandikie kwenye daftari anapenda kulala upande gani, anaogopa nini, wimbo gani unamnyamazisha, mpe mama mpya hilo daftari mkononi.

Halafu omba siku mbili za ofu. Kituo kikuulize za nini, sema umetoka kumuaga mtoto.